Mwongozo kamili: kupata rege, hip hop na muziki mpya wa elektroniki ukiwa Kisumu au Nakuru

Malalamiko yanayonifikia ni yaleyale. Mtu wa Nyalenda ameandika "rege mpya" kwenye YouTube, akaletewa mseto wa nyimbo alizozisikia kwenye matatu enzi za shule. Mwingine wa Section 58 kule Nakuru amelipa kiingilio, akakesha hadi saa tisa usiku, akarudi nyumbani na nyimbo zilezile anazozijua neno kwa neno. Wa tatu alisikia wimbo mmoja uliomsimamisha pale alipokuwa, akasema atautafuta kesho, na hadi leo hajui ni wa nani.

Wote watatu wamekosea jambo moja: wanatafuta aina ya muziki badala ya kutafuta watu. Ukiandika "rege" mtandaoni unaletewa kilichotazamwa zaidi, na kilichotazamwa zaidi mara nyingi ni cha zamani, maana kimekuwa na miaka ya kutazamwa. Lakini kila wimbo una majina nyuma yake: aliyeimba, aliyetengeneza biti, lebo iliyoutoa, DJ aliyeupiga. Ukilipata jina moja tu, unaweza kufika pale ambapo YouTube peke yake haingekufikisha.

Mara ya kwanza fuata hatua kwa mpangilio nilioweka. Ukishazoea, ruka upendavyo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari dogo na kalamu. Simu nayo inaandika, ila huishiwa chaji wakati ule hasa DJ anapoanza kunoga.
- Shazam (hutambua wimbo kwa kuusikiliza), YouTube, SoundCloud na Bandcamp (wasanii huuza kazi zao humo) kwenye simu. Spotify, Boomplay na Mdundo ni nyongeza nzuri.
- Spika za masikioni, hata za bei ya chini. Spika ya simu haitoi besi ya chini kabisa, na huko ndiko rege na amapiano zinakoishi. Wengi wamekataa wimbo mzuri kwa sababu hawakuusikia nusu yake.
- Vizibo vya masikio vya sponji. Uliza kwenye duka la dawa.
- Saa mbili kila Ijumaa, na jioni moja kila mwezi ya kutoka.

Kuhusu bando, wengi huogopa bila kupiga hesabu. Sauti ya kilobiti 96 kwa sekunde inakula takriban MB 43 kwa saa. Ya kilobiti 320 inakula MB 144. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya programu yako, shusha ubora wakati wa kuchunguza, kisha upandishe kwa zile nyimbo chache ulizozipenda. Kwenye YouTube shusha picha hadi 144p. Kwa sasa unachohitaji ni masikio, video utaitazama vizuri siku nyingine.

## Hatua ya 1: Chagua wimbo mmoja na uutoe majina yote

Usianze na orodha ndefu. Chukua wimbo mmoja tu wa miaka ya karibuni unaokugusa kweli. Fungua ukurasa mpya wa daftari na uandike: mwimbaji, walioshirikishwa, produsa, lebo, mwaka, mji.

Utayapata wapi? Kwenye Spotify bonyeza vitone vitatu kando ya wimbo, ufungue sehemu ya waliohusika. Kwenye YouTube soma maandishi yaliyo chini ya video hadi mwisho, kwa sababu produsa hutajwa huko chini baada ya linki zote. Kwa rege na muziki wa zamani kidogo, ingia Discogs, tovuti ya kumbukumbu za rekodi: kila jina la produsa, mpiga ngoma au lebo ukilibonyeza linafungua kazi zake nyingine.

Sababu ya kufanya hivi ni rahisi. Mwimbaji anaweza kutoa albamu moja kwa miaka mitatu. Produsa wake katika muda huohuo huenda amefanya kazi na waimbaji kumi, na sikio lililokupendeza mara nyingi ni la huyo produsa.

Tahadhari: usiamini kichwa cha video kilichopakiwa na mtu asiyejulikana. Nyimbo za rege hasa hupewa majina ya waimbaji wasiohusika kabisa. Hakikisha kwenye akaunti ya msanii mwenyewe au ya lebo.

Umefaulu ukiwa na majina matatu ambayo hukuyajua asubuhi hiyo.

## Hatua ya 2: Kwenye rege, uliza riddim

Hapa ndipo mashabiki wengi wa Kisumu wanapoteza mali iliyo mbele yao. Katika rege na dancehall, ala hurekodiwa kama kazi inayojitegemea yenye jina lake, kisha waimbaji wengi huimba juu yake, kila mmoja wimbo wake. Hiyo ndiyo riddim. Sleng Teng ya mwaka 1985, iliyotokana na mdundo wa kinanda kidogo cha Casio, imeimbiwa mara zisizohesabika.

Maana yake kwako ni hii: ukijua jina la riddim, wimbo mmoja unakuletea nyimbo nane au kumi kwa mpigo. Andika jina hilo pamoja na neno "riddim" kwenye YouTube, SoundCloud au Spotify. Utapata mkusanyiko mzima, na ndani yake waimbaji wawili au watatu usiowajua. Hao ndio unaoandika daftarini.

Njia ya pili ni kundi la marafiki. Chukua Protoje, mwimbaji wa rege wa Jamaica. Ana lebo yake, In.Digg.Nation Collective, na kupitia lebo hiyo unakutana na Lila Iké na Sevana. Albamu yake ya mwaka 2015 ilitengenezwa na Winta James, na kwa Winta James unaweza kuendelea hadi kwa wengine wengi. Au anza na Kabaka Pyramid, ambaye albamu yake iliyoshinda Grammy mwaka 2023 ilisimamiwa na Damian Marley. Jioni moja ya kufuatana hivi inakupa mengi kuliko mwezi wa kungoja mix mpya.

Kwa upande wangu, anayeanza rege aanze na hawa wa kizazi kipya wanaotoa kazi sasa, kisha arudi nyuma. Wengi wetu tulilelewa na Culture na Burning Spear, na tunawapenda, lakini kupenda wazee kumewafanya watu waamini kwamba rege nzuri iliisha. Haikuisha.

## Hatua ya 3: Kwenye hip hop, sikiliza sekunde kumi za mwanzo na utafute kwa jina la mtaa

Maprodusa wengi wa hip hop huweka sauti fupi inayotaja jina lao mwanzoni mwa wimbo. Wengi wetu tunaipita kama kelele. Irudie hadi uielewe, uiandike, uitafute. Ukiwapenda Wakadinali, kundi la rap la Nairobi, kwa mfano, jina la produsa Ares66 halitakupita ukisikiliza kwa makini, na kundi lao la Rong Rende lina sauti nyingine za kufuata.

Sasa tuje nyumbani. Ukitafuta "hip hop Kisumu" au "Nakuru rap" utapata matokeo machache na ya zamani. Rapa wa mtaani hajitambulishi kwa jiji, anajitambulisha kwa mtaa. Kwa hiyo andika Kondele, Manyatta, Nyalenda, Obunga. Kwa Nakuru andika Kaptembwo, Bondeni, Free Area, Lanet. Ongeza neno "cypher", "drill" au "freestyle", kisha uchuje matokeo yawe ya mwezi huu. Tafuta pia kwa lugha: rap ya Dholuo, ya Kiluhya, ya Kalenjin. Nchi nzima iliimba "Unbwogable" mwaka 2002, neno lililozaliwa kwenye Dholuo, na vijana wanaorap kwa lugha hiyo leo wapo wengi kuliko redio inavyokuonyesha.

Usiogope video iliyotazamwa mara 300. Sikiliza dakika mbili kamili kabla ya kuhukumu. Rekodi inaweza kuwa chafu na mistari ikawa safi.

Njia ya tatu kwenye hip hop ni sampuli, yaani kipande cha wimbo wa zamani kilichokatwa na kujengewa biti. Kwenye tovuti ya WhoSampled unaandika jina la wimbo na unaonyeshwa kilichochukuliwa. Mfano unaotuhusu: wimbo wa Kanye West wa mwaka 2018, "Yikes", umechukua sampuli ya "Kothbiro" wa Black Savage, kundi la Kenya, wimbo wa miaka ya 1970. Ndani ya kundi hilo alikuwamo Job Seda, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ayub Ogada na nyatiti yake. Unaanza kwa rapa wa Marekani, unamaliza kwa maneno ya Dholuo yanayosema mvua inakuja. Mtu wa Kisumu asiyeijua njia hii ananyimwa haki yake.

Hatua hii imekufaa ukiwa na rapa mmoja anayeishi umbali wa nauli ya matatu kutoka kwako.

## Hatua ya 4: Kwenye elektroniki, fuata lebo na mji

Muziki wa elektroniki huwashinda watu kwa sababu majina ya aina zake ni mengi na waimbaji ni wachache. Achana na majina ya aina. Shika lebo, kwa sababu lebo ndogo huchagua kwa sikio moja: ukipenda kazi zake mbili, huenda utapenda na ya tatu.

Kwetu huku magharibi mwa Kenya lebo ya kuanzia iko Kampala: Nyege Nyege Tapes, pamoja na dada yake Hakuna Kulala. Kupitia kwao utasikia singeli ya Dar es Salaam, ambayo mara nyingi hupita mapigo 200 kwa dakika, na utakutana na Mkenya Slikback. Kutoka Nairobi mfuate KMRU, ambaye hujenga muziki wa polepole kwa sauti za mazingira, na Coco Em kwa upande wa kucheza. Na ukitaka kusikia orutu, ile ala ya Kijaluo yenye uzi mmoja inayopigwa kwa uta, ikiwa ndani ya muziki wa leo, mtafute Labdi.

Kwenye Bandcamp kuna hila mbili ambazo karibu hakuna anayezitumia. Kwanza, unaweza kutafuta kwa jina la mji: Nairobi, Kampala, Kisumu. Pili, chini ya albamu kuna picha ndogo za watu walioinunua. Bonyeza picha moja na utaona kila alichonunua mtu huyo. Ukikuta mtu ambaye mnafanana kwa albamu tatu, umepata rafiki wa sikio. Rudi kwake kila mwezi.

Onyo: usiruke mbele. Wimbo wa elektroniki wa dakika saba hujengwa taratibu, na anayeusikiliza sekunde thelathini hajausikia. Vaa spika za masikioni, uache ufike mwisho.

## Hatua ya 5: Ijumaa

Tangu Julai 2015 kampuni za muziki duniani zimeifanya Ijumaa kuwa siku ya kutoa kazi mpya. Ndiyo siku ya kupitia daftari: fungua kila jina uliloandika, uone kama lina kitu kipya. Bonyeza "fuata" kwa wale uliowapenda. Wasiokugusa wakate.

Tenganisha akaunti. Kama watoto au ndugu zako wanatumia simu hiyohiyo kutazama katuni na injili, mapendekezo yako yatachanganyika. Fungua akaunti ya pili ya muziki tu. Ndani ya wiki chache utaona tofauti.

## Hatua ya 6: Tumia matatu kama redio

DJ aliyetengeneza mix inayopigwa kwenye matatu hutaja jina lake ndani ya mix yenyewe, kwa sauti iliyorekodiwa, kila baada ya nyimbo chache. Ukipanda gari la Kondele au la Njoro na mix ikakushika, usisumbuke na wimbo mmoja. Subiri jina la DJ. Nyumbani, mtafute YouTube au Mixcloud, ufungue mix, na usome maoni: mara nyingi kuna mtu ameorodhesha nyimbo pamoja na dakika zake.

Ukilikosa jina, muulize makanga kwa heshima wakati gari limetulia stendi. Wengi wao wanajua sana muziki na hufurahi kuulizwa.

## Hatua ya 7: Ukumbini

Hatua hii nitaikalia, kwa sababu ndiko pesa zinakopotea.

Fika mapema. Wengi hutoka nyumbani saa tano usiku. Hapo DJ mkubwa anapanda, ukumbi umejaa, na kazi yake ni kuwapa watu wanachokijua. Nyimbo mpya hupigwa kabla ya hapo, kati ya saa mbili na saa nne, na DJ mchanga anayepasha ukumbi joto. Hana watu wa kuwaridhisha, kwa hiyo anapiga anachokipenda. Kwenye rege ya Jumapili, saa za alasiri ndizo zenye dhahabu. Tena baadhi ya kumbi hazitozi kiingilio mapema.

Chagua tukio, usichague ukumbi. Angalia mabango na kurasa za wasanii wenyewe, si za vilabu peke yake. Vyuo ni mgodi: Maseno, Masinde Muliro kule Kakamega na Egerton huko Njoro huwa na shoo za wanafunzi, na rapa wengi hushika maikrofoni kwa mara ya kwanza huko. Nakuru, ratiba ya Nakuru Players Theatre inafaa kuangaliwa. Kisumu, angalia ya Mama Grace Onyango Social Centre.

Shazam, kwa akili. Haihitaji data wakati huo. Inahifadhi sauti na kuitambua ukirudi kwenye mtandao. Lakini ukisimama karibu na spika, maikrofoni ya simu inalemewa na besi na inapokea mkwaruzo tu. Sogea mlangoni au nyuma ya nguzo. Subiri MC anyamaze. Shazam hushindwa pia DJ akibadilisha kasi ya wimbo, bendi ikipiga moja kwa moja, au wimbo ukiwa bado haujatoka. Hapo andika mstari mmoja wa maneno uliousikia vizuri na saa uliousikia.

Muulize DJ kwa wakati wake. Usimkatize akiwa amevaa spika za masikioni, kwa sababu anapanga wimbo unaofuata. Subiri amalize zamu. Mara moja hapa Kisumu nilimfuata DJ wa rege katikati ya zamu nikamuuliza, "Huu wimbo gani?" Alitikisa kichwa tu. Baada ya zamu nilirudi na swali tofauti: "Omera, ile riddim uliyopiga baada ya Chronixx inaitwaje?" Alifungua kompyuta na kunionyesha folda nzima. Swali la pili lilimwambia kwamba nilikuwa nasikiliza.

Linda masikio. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda unapungua nusu. Kwa desibeli 100, ambazo ukumbi hufikia kwa urahisi, ni dakika 15 tu. Vaa vizibo. Besi utaisikia bado, kifuani. Masikio yakilia kengele asubuhi yake, ulikaa karibu mno.

Kurudi nyumbani. Nenda na mtu unayemwamini, usiache kinywaji chako mezani, na mwendesha boda wa kukurudisha mpange kabla hujaingia, bei ikiwemo.

Ukitoka na nyimbo tatu zilizoandikwa, usiku ulikuwa mzuri. Ukitoka na jina la DJ mmoja anayekukumbuka, ulikuwa bora zaidi, maana mwezi ujao yeye ndiye atakayekuambia kitu kipya kiko wapi.

## Hatua ya 8: Mara moja kwa mwaka, vuka mpaka

Tamasha la Nyege Nyege, lililoanza mwaka 2015, limefanyika eneo la Jinja, Uganda. Kwa mtu wa Kisumu, kupitia Busia, hiyo ni safari ya siku moja, na Mkenya huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Tarehe na mahali hubadilika, kwa hiyo hakikisha kwenye ukurasa wao kabla ya kulipa chochote. Piga picha ya ratiba, uweke alama kwa majina matano usiyoyajua, na uende kwa hayo kwanza.

## Hatua ya 9: Lipa

Msanii mdogo akiacha kurekodi, hakuna hatua yoyote hapa itakayokufaa. Kwenye Bandcamp unanunua faili moja kwa moja, na tovuti huchukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali. Siku wanazoziita Bandcamp Friday huachilia hata hiyo. Huna kadi ya benki? Kadi pepe ya Visa ya M-PESA GlobalPay, iliyozinduliwa mwaka 2022, inatengenezwa ndani ya simu yako. Weka pesa kidogo kwenye M-PESA, ujaribu na wimbo mmoja kwanza.

Kwa rapa wa Manyatta asiye na Bandcamp, mwandikie ujumbe. Taja mstari wake mmoja ulioupenda, umuulize anauza vipi kazi yake, na umwombe akuambie shoo yake inayofuata ni lini. Jibu lake liandike kwenye ukurasa mpya wa daftari, uanze tena hatua ya kwanza kwa jina la produsa wake.